Mgonjwa Asiyeulizwa

Desturi ya utabibu tangu zamani ni kuuliza kwanza na kutibu baadaye. Tabibu huketi karibu na mgonjwa, humtazama, humshika mkono, kisha humwuliza: wapi pauma, tangu lini, na nini huzidisha maumivu? Majibu ya mgonjwa ndiyo mlango wa tiba. Tabibu auachaye mlango huu akapita dirishani aweza kuwa na dawa nyingi mkobani mwake, lakini hajui ampe mgonjwa ipi. Desturi hii imeheshimiwa katika maradhi ya jicho, ya tumbo na ya kifua. Katika afya ya mwanamke juu ya mambo ya unyumba imepinduliwa chini juu. Hapa jina la ugonjwa lilitungwa kwanza, hesabu ya wagonjwa ikafuata, dawa ikatafutwa, na mwanamke mwenyewe akaulizwa mwisho, au hakuulizwa kabisa.

Kosa hili si dogo. Uchunguzi usioanza kwa kumwuliza mwanamke kama anataabika, na kwa nini anataabika, si elimu. Ni dhana iliyovishwa joho la tarakimu. Elimu ya nafsi, yaani saikolojia, ambayo kazi yake ni kusikiliza, imeshiriki kosa hili kwa muda mrefu. Nayo hiyo hiyo, ilipokumbuka kazi yake, ndiyo iliyoonyesha njia ya kutoka. Mambo haya mawili yapasa kuelezwa pamoja, kwa sababu wanaoisifu elimu hiyo husahau la kwanza, na wanaoilaani husahau la pili.

Wako watakaonung'unika kuwa mambo ya chumbani ni ya sitara, na kwamba kurasa za wasomi si mahali pake. Sitara ni jambo jema. Lakini historia yaonyesha kuwa pazia hilo halikupata kumzuia daktari, mwanafalsafa wala mwuza dawa asiingie chumbani na kutoa hukumu. Wote waliingia na wote walisema. Aliyefungwa mdomo ni mwenye mwili. Sitara ya namna hii haimsitiri mtu. Humnyima haki ya kusikilizwa katika daawa yake mwenyewe.

Mfano wa kwanza watoka London. Katika miaka ya 1860 alikuwako huko mpasuaji aliyeitwa Isaac Baker Brown, ambaye aliamini kwamba kifafa, wazimu na mahangaiko ya nafsi kwa wanawake huzaliwa na kinembe kinachochezewa, basi akakikata. Mwaka 1866 alichapisha kitabu cha kuisifu tiba hiyo, na mwaka 1867 Chama cha Madaktari wa Uzazi cha London kilimfukuza. Msomaji asifanye haraka ya kukishukuru chama hicho. Sehemu kubwa ya shutuma ilikuwa kwamba mpasuaji huyo alikata bila ya wagonjwa au waume zao kuelezwa sawasawa. Ulaya ambayo baadaye ilikuja kuwafundisha watu wa Afrika ya Mashariki ubaya wa kisu cha ngariba ilikuwa imepata kuwa na ngariba wake mwenyewe, mwenye shahada na chumba cha upasuaji. Neno hili halimtetei ngariba wa huku hata kidogo. Lasema tu kwamba kisu ni kile kile mahali popote ambapo mwili wa mwanamke huamuliwa na asiyekuwa yeye.

Baada ya kisu ilikuja nadharia, nayo ilikata bila ya damu. Mwaka 1905 Sigmund Freud wa Vienna alifundisha kwamba msichana anapokua yampasa kuhamisha hisi zake kutoka kinembe kwenda ukeni, na kwamba asiyefanya hivyo hajapevuka sawasawa. Ushahidi wa mwili kwa neno hilo hakuwa nao. Ilipita miaka 93 hata daktari Helen O'Connell wa Australia, mwaka 1998, akaeleza kwa uchunguzi wa maiti kuwa sehemu kubwa ya kinembe imo ndani, imeuzunguka mfereji wa mkojo na kuukaribia ukuta wa uke. Vitu viwili ambavyo Freud alivitenga kama nchi mbili vimeshikana mwilini. Lakini katika miaka hiyo yote, wanawake wasiohesabika waliambiwa kuwa wana kasoro ya utu uzima kwa sababu miili yao haikutii kitabu.

Nguvu ya nadharia hiyo yaonekana katika maisha ya Marie Bonaparte, binti wa ukoo wa Napoleon. Alikuwa na mali, cheo na elimu, mambo ambayo mwanamke maskini angedhani yatosha kumkinga mtu na udanganyifu. Hayakumkinga. Mwaka 1924 alichapisha makala kwa jina la kubuni, akieleza vipimo vya wanawake 243, na akakata shauri kuwa ubaridi wao watokana na umbali kati ya kinembe na uke. Mwaka 1927 alilala mezani kwa mpasuaji Josef Halban ili kinembe chake kisogezwe. Haikufaa, akarudi tena kisuni, na haikufaa vilevile. Huyu alikuwa rafiki na mwanafunzi wa Freud, mwanamke aliyesaidia kumtoa mzee huyo Vienna mwaka 1938. Ikiwa mtu wa namna hiyo aliweza kuuamini mwili wake kuwa mkosefu kuliko kuishuku nadharia, mke wa kawaida angeponea wapi?

Katikati ya karne ya 20 watu walianza kuuliza. Kitabu cha Alfred Kinsey na wenzake cha mwaka 1953 kilitokana na mazungumzo na wanawake 5,940 wa Marekani, na majibu yao yaliitikisa hukumu ya Vienna. Mwaka 1966 William Masters na Virginia Johnson walitoa matokeo ya kuwachunguza wanawake 382 na wanaume 312 katika chumba cha uchunguzi mjini St. Louis. Waliandika kuwa mwili hupita daraja nne: msisimko, kutulia juu ya msisimko, kilele, na kurejea. Kazi yao ilifukuza ujinga mwingi. Lakini walioandikishwa walitakiwa wawe watu ambao tayari hufika kilele. Ni kama mtu atakaye kujua mwendo wa binadamu, akawachagua wakimbiaji peke yao, akaandika mwendo wao kuwa ndio mwendo wa watu wote, kisha wenye kutembea wakaitwa viwete.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Helen Singer Kaplan aliiweka hamu mbele ya daraja hizo, na mwaka 1980 kitabu cha maradhi ya akili cha Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kikaliandika pungufu la hamu katika orodha ya kasoro. Tangu hapo mwanamke ambaye hamu haimjii yenyewe, kama njaa imjiavyo mtu saa ya chakula, aliweza kuhesabiwa mgonjwa. Mwaka 2000 Rosemary Basson, daktari wa Vancouver nchini Kanada, alipinga. Alionyesha kuwa wanawake wengi, hasa walio katika ndoa ya miaka mingi, hawaanzi na hamu. Huanza na utulivu, wakakubali ukaribu kwa ajili ya mapenzi, na hamu huwakuta njiani iwapo yatendwayo huwapendeza. Kwa hiyo mke asiyekuwa na hamu kabla ya kuguswa aweza kuwa mzima kabisa. Na mke ambaye hamu haimkuti njiani pia aweza kuwa mzima, ikiwa njia yenyewe ni mbaya.

Katika hali hiyo ndipo lilipotokea jambo kubwa kupita yote. Mwezi wa Februari mwaka 1999, gazeti la Chama cha Madaktari wa Marekani lilichapisha uchunguzi wa Edward Laumann, Anthony Paik na Raymond Rosen. Waliyachambua majibu ya wanawake 1,749 na wanaume 1,410, wenye umri wa miaka 18 hadi 59, yaliyokusanywa mwaka 1992. Wanawake waliulizwa kama katika miezi 12 iliyopita walipatwa, kwa miezi kadhaa, na mambo kama haya: kukosa hamu, kusisimka kwa shida, kutofika kilele, maumivu, kutoona raha, au wasiwasi juu ya uwezo wao. Kutokana na majibu ya ndiyo na la, ilitangazwa kuwa wanawake 43 katika kila 100 wana kasoro ya unyumba. Tarakimu hiyo ilizunguka dunia. Magazeti yaliibeba, wasemaji wa makampuni waliibeba, na katika mikutano ya madaktari ilitajwa kama itajwavyo idadi ya wagonjwa wa malaria.

Swali moja halikuwamo: je, jambo hili lakusumbua? Mke aliyejifungua miezi mitano iliyopita, anyonyeshaye usiku na kuamka alfajiri, hana hamu. Mke aliyefiwa na mama yake hana hamu. Mke ambaye mumewe humtukana mchana na kumwita usiku hana hamu. Wote watatu wangejibu ndiyo, na wote wangeingia katika hesabu moja ya kasoro, ilhali wa kwanza ahitaji usingizi, wa pili ahitaji muda, na wa tatu ahitaji haki. Uchunguzi wenyewe ulionyesha kuwa mashaka haya huandamana na kushuka kwa pato, na dhiki ya moyo, na kupata kulazimishwa na mwanamume. Maneno hayo yaliandikwa mle mle, lakini hayakusafiri. Tarakimu ilipanda ndege, na sababu ziliachwa bandarini. Baadaye gazeti hilo lilichapisha masahihisho kueleza kuwa waandishi wawili walikuwa na uhusiano na kampuni ya Pfizer, watengenezaji wa Viagra.

Wengine waliuliza swali lililosahauliwa, na majibu yalibadilika. Mwaka 2003 John Bancroft na wenzake wa Taasisi ya Kinsey walitoa matokeo ya kuzungumza na wanawake 987 wa Marekani. Karibu robo yao walisema kuwa wanataabika juu ya unyumba. Lakini kilichoashiria taabu hiyo zaidi hakikuwa unyevu wala kilele wala jambo lolote la mwili. Kilikuwa ni hali ya nafsi ya mwanamke kwa jumla, na hisia zake juu ya mwenziwe wakati wa tendo. Mwaka 2008 Jan Shifren na wenzake walichapisha majibu ya wanawake zaidi ya 31,000. Waliotaja shida ya hamu, msisimko au kilele walikuwa karibu 44 katika 100, kama ilivyotarajiwa. Lakini waliokuwa na shida na kutaabishwa nayo walikuwa 12 tu. Kuwatia katika orodha ya wagonjwa watu ambao hawajui kuwa wanaumwa, na wala hawaumwi, si utabibu. Ni kutafuta wateja.

Na wateja walitafutwa. Viagra iliruhusiwa Marekani mwaka 1998 kwa wanaume, na mara watu wakatamani ndugu yake wa kike. Pfizer iliijaribu kwa wanawake wapatao 3,000, na mwaka 2004 ikakata tamaa. Dawa hiyo iliweza kuongeza damu katika viungo, lakini damu iliyoongezeka haikuwa hamu. Wanasaikolojia wangeweza kulieleza hilo. Mwaka 2010 Meredith Chivers na wenzake walikusanya chunguzi nyingi zilizolinganisha kinachotukia mwilini na kile ambacho mtu mwenyewe asema anakihisi. Kwa wanaume mambo hayo mawili hufuatana kwa kiasi kikubwa. Kwa wanawake hufuatana kwa udhaifu. Maana yake ni nzito kuliko biashara ya vidonge. Mwili wa mwanamke waweza kuitika bila ya yeye kutaka, na hivyo mwitiko wa mwili haupasi kamwe kuchukuliwa kuwa ni idhini. Atakaye kujua mwanamke ataka nini hana kipimo kingine ila kumwuliza.

Walipoyakosa mafanikio katika damu, waliyafuata katika ubongo. Kidonge kiitwacho flibanserin kilianza maisha yake kama dawa ya sonona katika kampuni ya Boehringer Ingelheim, kikashindwa kazi hiyo, kikapewa kazi ya kuamsha hamu. Mwaka 2010 washauri wa Idara ya Chakula na Dawa ya Marekani walikikataa. Kampuni ya Sprout ilikinunua, na mwaka 2013 kilikataliwa tena. Mwaka 2014 ikaanzishwa kampeni, iliyopata fedha kutoka kwa Sprout pia, yenye kudai kwamba kukikataa kidonge hicho ni kuwabagua wanawake. Tarehe 18 Agosti mwaka 2015 kiliruhusiwa, na katika muda wa siku mbili Sprout ilikubali kununuliwa na kampuni ya Valeant kwa dola bilioni 1 hivi.

Fedha hizo zilinunua nini? Mwaka 2016 watafiti wa Uholanzi walizikusanya chunguzi 8 zenye wanawake 5,914. Waliona kuwa mwanamke aliyemeza flibanserin kila usiku alipata, juu ya yule aliyemeza kidonge kitupu kisicho na dawa, nusu ya tendo moja la kuridhisha kwa mwezi. Badala yake alipata kizunguzungu, usingizi na kichefuchefu zaidi. Kidonge kilipoingia sokoni kilibeba onyo kali la kutochanganywa na pombe, kwa sababu shinikizo la damu huweza kushuka hata mtu akazimia. Jaribio la kuupima mchanganyiko huo lilikuwa na watu 25, na 23 katika hao walikuwa wanaume. Dawa ya wanawake, iliyoombewa ruhusa kwa jina la haki ya wanawake, ilipimwa hatari yake katika miili ya wanaume.

Watetezi wa kidonge wanayo hoja, na hoja hiyo yastahili jibu la heshima. Wasema: wanaume wamepewa dawa nyingi, na mwanamke ateswaye na kupotea kwa hamu yake huambiwa aoge maji ya moto na kupumzika, je, huo si ubaguzi? Ubaguzi upo, wala hapana awezaye kuukana. Lakini tiba yake si kidonge kisichofaa. Mtu aliyenyimwa chakula hatendewi haki kwa kupewa picha ya chakula. Haki ya mwanamke ni kutendewa utabibu ule ule wapewao wengine: kuulizwa, kuchunguzwa, kupewa dawa ifaayo ikiwapo, na kuambiwa kweli isipokuwapo. Mwaka 2000 kikundi cha wasomi wanawake, akiwamo mwanasaikolojia Leonore Tiefer wa New York, kiliandika kuwa shida za unyumba zagawanyika mafungu manne: zile zitokanazo na jamii, siasa na uchumi, zile zitokanazo na mwenzi na mapatano ya wawili, zile za nafsi, na zile za mwili. Fungu la mwili halikufutwa. Liliwekwa mahali pake, mwisho wa safu.

Lipo kosa la pili lililo kinyume cha lile la kwanza, nalo si jepesi kuliko hilo. Ni kosa la wale wasikiao kuwa 43 ilitiwa chumvi, wakahitimisha kuwa hakuna mgonjwa. Wapo wanawake 12 katika 100 waliosema kuwa wanataabika. Yupo mwanamke ambaye kila akikaribiwa misuli ya uke wake hujikaza kama ngumi, hali ambayo madaktari huiita vajinismasi, naye huishi katika ndoa kama mshtakiwa. Yupo asikiaye maumivu ya kisu, akaambiwa kuwa ni deko. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Na walio nje ya kaburi wamezoea kusema kuwa hakuna adhabu. Kumwambia mwanamke mzima kuwa ni mgonjwa ni dhuluma, na kumwambia mgonjwa kuwa ni mzima ni dhuluma vilevile. Dhuluma zote mbili huzaliwa na uzembe mmoja wa kutouliza.

Kwa wanawake hawa saikolojia imefanya kazi ya kuheshimika. Moniek ter Kuile na wenzake wa Leiden, Uholanzi, mwaka 2013 walichapisha jaribio lao kwa wanawake 70 wenye vajinismasi ya tangu mwanzo. Nusu yao walitibiwa mara moja, nusu wakangoja. Tiba ilikuwa ya vikao visivyozidi vitatu, vya saa mbili kila kimoja, katika wiki moja. Tabibu wa kike alikuwapo akiongoza kwa maneno, na mwanamke mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe, hatua kwa hatua, aliuzoeza mwili wake kutoogopa. Katika 35 waliotibiwa, 31 waliweza kukutana na waume zao. Katika 35 waliongoja, 4 tu. Kisu hakikutumika, wala nadharia ya kupevuka haikutajwa. Hofu iliulizwa inaogopa nini, ikajibiwa.

Huko Vancouver mwanasaikolojia Lori Brotto aliwafuata wanawake waliosikitikia kupotea kwa hamu yao. Mwaka 2014 yeye na Basson walitoa matokeo ya wanawake 117 waliohusika katika tiba ya vikundi ya vikao vinne. Humo walifundishwa elimu ya mwili na ya hamu, na pia zoezi la kutuliza fikra na kuzirejesha katika kinachohisiwa saa ile ile, bila ya kujihukumu. Hamu iliongezeka, na taabu ilipungua. Asiyejua hali ya wanawake hawa atashangaa jinsi jambo dogo kama hilo lifaavyo. Lakini mke ambaye katikati ya tendo ahesabu karo ya watoto, na kujiuliza kama mumewe achukizwa na tumbo lake, hayupo chumbani, yupo mahakamani. Tiba hiyo humtoa kizimbani.

Haya hayana maana kwamba mwili usahauliwe. Kukoma hedhi hukausha uke, na homoni ipakwayo mahali hapo huondoa ukavu na maumivu. Dawa nyingi za sonona hupunguza hamu na kuchelewesha kilele. Ugonjwa wa sukari, makovu ya uzazi na makovu ya ukeketaji yana sehemu yao. Tabibu mwema atayatafuta yote. Tofauti yake na mwuza tarakimu ni kwamba atayatafuta baada ya kusikia, wala hatampa mke wa mume mkali dawa ya ubongo.

Mjadala huu hauishii Marekani na Ulaya, kwa sababu vipimo husafiri kuliko watu. Mwaka 2000 ilitungwa karatasi ya maswali 19 ya kupima unyumba wa mwanamke, nayo imetafsiriwa katika lugha nyingi. Alama zake za juu ni 36, na mwaka 2005 mpaka uliwekwa kwenye 26.55, aliye chini ya hapo hudhaniwa kuwa na kasoro. Maswali yahusu wiki nne zilizopita, na katika mengi yao mwanamke ambaye hakukutana na mume huandikiwa sifuri. Basi na iletwe karatasi hiyo Lamu kwa mke wa baharia, au Mombasa kwa mke wa dereva wa lori ambaye mumewe yuko safarini tangu mwezi uliopita. Amekaa kwake kwa heshima akimngoja mumewe, na kipimo chasema kuwa ni mgonjwa. Wako wataalamu walioonya juu ya sifuri hizo. Lakini mwanafunzi mwenye haraka ya shahada huona ni rahisi kujumlisha kuliko kuuliza.

Tena karatasi hiyo haifiki katika nyumba tupu. Pwani ya Waswahili, na katika makabila mengi ya Tanzania, wamekuwako somo na kungwi, na unyago ambamo mwari hufundishwa mwili wake na mambo ya ndoa. Chuo hicho kina aibu zake: mafunzo mengi yalielekea kumpendeza mume, na mke alifunzwa kuvumilia pale alipopaswa kufunzwa kusema. Lakini kilijua jambo ambalo wachambuzi wa 43 walilisahau, kwamba mambo haya huelezwa na mtu kwa mtu, kwa lugha ya nyumbani, baada ya kuaminiana. Mtafiti atakayejua kuketi mkekani na kungwi, akayatenga mafunzo ya kumjua mwanamke na mafunzo ya kumnyamazisha, atapata maneno ambayo hayamo katika maswali yale 19. Kiswahili chenyewe hakina upungufu. Kina tofauti ya kutaka, kutamani, kukubali, kuridhia na kuvumilia. Na karatasi isiyoweza kuutenga uvumilivu na ridhaa haifai kumpima mke yeyote.

Kazi hii yawangoja wanafunzi wa saikolojia, wa utabibu na wa lugha katika vyuo vya Afrika ya Mashariki. Hawana sababu ya kurithi makosa ambayo wenyewe walioyaanzisha wameanza kuyajutia. Kitabu kile cha maradhi ya akili, ambacho mwaka 1980 kiliiandika hamu pungufu kuwa kasoro, mwaka 1994 kiliweka sharti la kutaabika, na mwaka 2013 kikadai dalili zaidi ya moja zidumuzo kwa miezi 6 hivi. Kilihitaji miaka mingi kufika mahali ambapo muuguzi wa zahanati ya kijijini aweza kuanzia kesho asubuhi. Mbele yake ataketi mwanamke aliyekuja kwa kisingizio cha kuumwa na mgongo. Muuguzi na afunge mlango, aiweke kalamu chini, na aulize: je, mama, lipo jambo la nyumbani linalokusumbua? Kisha anyamaze mpaka ajibiwe.